Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya: Anayekabiliwa na hukumu ya kifo apewe wakili

Mheshimiwa,

Anayeshtakiwa kwa mauaji nchini mwetu hufikishwa Mahakama Kuu, na akiwa hana pesa, anateuliwa wakili wa kulipwa na serikali. Anayeshtakiwa kwa wizi wa kimabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu hupelekwa mbele ya hakimu, na maskini wengi hujitetea wenyewe. Adhabu iliyoandikwa ni ile ile: kifo. Tena nafuu ya uamuzi wa kesi ya Muruatetu wa 2017, uliofuta ulazima wa hakimu au jaji kutoa hukumu ya kifo, Mahakama ya Juu ilifafanua mwaka 2021 kwamba inahusu mauaji pekee. Ni kweli hakuna aliyenyongwa tangu 1987. Lakini kuzeekea gerezani nako ni adhabu nzito.

Hebu keti siku moja katika mahakama ya hakimu. Shahidi anaapa kwamba alimtambua mshtakiwa usiku, kwa mwanga wa taa. Hakimu anamgeukia mshtakiwa: una swali? "Huyu anadanganya." Anaambiwa hilo si swali, aulize. Anatazama sakafu, kisha anasema hana. Shahidi anaruhusiwa kwenda zake.

Wakili angemuuliza shahidi huyo taa ilikuwa umbali gani na alimwona mtu huyo kwa muda gani. Angeuliza alipopiga ripoti mara ya kwanza aliwaambia polisi anafananaje, na kama alikuwa amekwisha kumwona kituoni kabla ya gwaride la utambuzi. Kesi hizi husimama au kuanguka hapo hapo. Kwenye rufaa, majaji husoma kilichorekodiwa, na swali ambalo halikuulizwa halimo.

Ibara ya 50(2)(h) ya Katiba inaahidi wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo haki ingekosekana pakubwa. Katika kesi ya Karisa Chengo, 2017, Mahakama ya Juu ilisema haki hiyo haiji yenyewe. Uzito wa kosa, ukali wa adhabu na uwezo wa mshtakiwa vipimwe. Kwa kosa hili, ni kipi kimebaki cha kupimwa?

Najua utataja bajeti. Basi anza na hawa. Agiza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016, impe wakili kila asiyejiweza anayeshtakiwa kwa 296(2), kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani. Hata aliyeporwa na kukatwa panga anadai hilo, maana akifungwa asiyehusika, aliyemjeruhi yuko huru.

Tunasubiri agizo hilo kwa maandishi.

Mwananchi