YAH: KUUZIWA NAKALA YA CHAPA BADALA YA BARUA HALISI YA THOMAS EDISON

Meneja, Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua mliyoitangaza kuwa ni ya mkono wa Edison mwenyewe, ya Desemba 1879, haikuandikwa kwa mkono wa mtu yeyote. Imechapwa. Naomba mnirudishie fedha zangu zote pamoja na gharama za usafirishaji.

Kosa la kwanza linaonekana kwa macho tu. Juu ya karatasi pana anwani ya maabara ya Edison, Orange, New Jersey. Mwaka 1879 Edison alikuwa bado kwenye maabara yake ya awali, Menlo Park, akihangaika na taa yake ya umeme. Maabara ya Orange ilifunguliwa mwaka 1887. Muuza hati za wavumbuzi alipaswa kuliona hilo kabla ya mteja.

Mwandiko siubishii. Ni ule wake mdogo, unaosomeka vizuri, wa mtu aliyewahi kuwa karani wa telegrafu. Lakini mwandiko wa kweli hupigwa picha ukachapwa. Nilipoweka kioo cha kukuzia, kila herufi ilivunjika ikawa vitone vilivyojipanga safusafu. Wino wa kalamu ya kuchovya hunywea kwenye nyuzi za karatasi, hukolea pale mkono ulipokandamiza na kufifia kabla kalamu haijachovywa tena. Hapa weusi ni uleule toka salamu hadi sahihi. Nikaimulika kwa taa ya urujuanimno (ultraviolet), karatasi ikawaka weupe wa kibuluu: ndizo kemikali za kung'arisha, ambazo karatasi za karne ya 19 hazikuwa nazo. Picha nimeambatisha.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba cheti cha uhalisi kipo. Kipo, ila mmejiandikia wenyewe, na hakisemi barua ilipitia mikono ya nani kabla ya kuwafikia. Akaongeza kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Hiyo ni kwa aliyeghairi, si kwa aliyeuziwa kitu kisicho chenyewe.

Nategemea malipo ndani ya siku 14. Karatasi yenu nitairejesha mkishalipa, kwa sharti igongwe muhuri wa "NAKALA" isije ikauzwa tena. Vilevile, kwenye orodha yenu kuna barua ya Alexander Graham Bell yenye cheti cha namna hiyohiyo. Iondoeni mpaka ikaguliwe na mtaalamu asiye wa kwenu.

Wenu,
Mteja