Harambee Changamwe: Tuwarekodi Wazee wa Garratt

Ndugu, majirani, na jamaa mlioko mbali,

Kikundi chetu cha watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa reli kinawaalika kwenye harambee Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa nane mchana, ukumbi wa mtaa, Changamwe. Tunatafuta shilingi 240,000. Hatuchangi kununua injini za mvuke za Garratt, zipo. Tunachanga ili wazee walioziendesha na kuzitengeneza warekodiwe kwa video wakieleza kazi yenyewe.

Injini tunazosema ni Garratt za daraja la 59. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mizigo ililundikana bandari ya Kilindini, reli ikashindwa kuipandisha bara kwa kasi ya meli. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki likaagiza injini 34 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock, Manchester, zilizoundwa mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, na hakuna injini ya mvuke ya reli yenye upana wa mita moja iliyowahi kuzishinda nguvu. Siri ni umbo lake. Boila imekaa katikati, magurudumu yamegawanywa mafungu mawili, mbele na nyuma. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, iliweza kuwa nene na tanuru lake likawa kubwa. Na kwa kuwa kila fungu hujipinda lenyewe, jitu lile lilipita kona vizuri. Lilivuta tani 1,200 kwenye mwinuko wa asilimia 1.5, kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu.

Zilipewa majina ya milima. Zimebaki mbili tu, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, zote katika makumbusho ya reli Nairobi. (Milima yenyewe iko Tanzania, kwa hivyo Mombasa tumekosa huku na huku.) Hatugombani na mtu: zimetunzwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Gelai iliwashwa ikatembea tena. Lakini injini hizi zilichoma mafuta mazito, na masizi yakizidi kwenye mabomba ya boila, mchanga ulirushwa tanuruni uyafagie. Mchanga kiasi gani? Ukiwa mlima upi, na maji yamefika wapi kwenye kioo cha kupimia maji ya boila? Hayo wanayajua madereva, mafayamani (wachochea moto) na mafundi wachache waliobaki, na umri wao mnaujua.

Pesa zitalipa mpiga video, na nauli na malazi ya wazee wetu kwenda Nairobi, wasimame ndani ya kibanda cha dereva waonyeshe kila mkono wa kuendeshea na kila vali kwa vidole vyao. Watapanda SGR, treni ya reli mpya, pale Miritini. Baadhi wameshaanza kuguna.

Aliye na taa ya ishara, kitabu cha ratiba au picha za zamani asimuuzie mtu wa vyuma chakavu. Tuletee tupige picha, utarudishiwa siku hiyo hiyo.

Mchango wa M-Pesa upitie kwa mweka hazina pekee, na udai risiti. Na kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyefanya kazi kwenye Garratt, tuletee jina lake wiki hii, hata kama mfukoni huna kitu.