Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tiba ya Uraibu Iliyo Karibu Nasi

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awasilishe mbele yenu taarifa ya kazi za mwaka. Mambo ya fedha mtayakuta kwa mweka hazina, na habari za wanachama wapya ziko kwa katibu, kwa hiyo sitayagusa. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo lililotushughulisha kuliko mengine yote: familia inapomtafutia tiba mtu wake aliyenaswa na pombe au dawa za kulevya, ianzie wapi, na sisi tuishike mkono vipi.

Msimamo wa kamati nauweka wazi mapema. Uraibu ni maradhi sugu, na tiba yake haina maana isipoendelea. Tiba inayoweza kuendelea, mara nyingi, ni ile iliyo karibu na anapoishi mgonjwa. Karibu kila tulichofanya mwaka huu kimetokana na msimamo huo.

Swali la kwanza kwenye simu

Wengi wanaotupigia huanza kwa kuuliza, "Mnakijua kituo kizuri?" Tumekubaliana kwamba aliye zamu asitaje kituo chochote kabla hajauliza: mgonjwa anatumia nini, kiasi gani, tangu lini, na mara ya mwisho alitumia saa ngapi. Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha pa kwenda. Wakati mwingine yanaonyesha kwamba hakuna muda wa kuchagua.

Mama mmoja alipiga simu jioni akiwa na furaha. Mwanawe, mnywaji wa miaka mingi, hakuwa amegusa pombe tangu jana yake asubuhi, na alikuwa amekubali mwenyewe kufungiwa chumbani. Mwenzetu akauliza hali yake. Mikono ilikuwa inatetemeka hata kikombe hakishiki, shuka zimelowa jasho, na tangu alasiri alikuwa akipangusa ukutani wadudu ambao mama hakuwaona. Jibu lilikuwa fupi: mpelekeni hospitali sasa hivi, msisubiri kukuche. Walimpeleka, akalazwa.

Hili kila mwanachama alijue. Mtu anayekunywa sana kila siku akikatiza ghafla, mtetemo na jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege likija, kwa kawaida huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne unaweza kuzuka mkanganyiko mkali wa akili, wenye homa na moyo kwenda mbio, na huo usipotibiwa huua. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza za kundi la diazepamu na kupunguziwa taratibu, pamoja na vitamini B1, kwa sababu mnywaji sugu akiikosa huweza kudhurika ubongo na asipate tena kumbukumbu zake. Aliyezoea vidonge vya usingizi vya kundi hilohilo naye asikatize kwa ghafla. Apunguziwe na daktari.

Heroini ina mkondo wake. Arosto yake, yaani hali ya mwili unapoikosa, ni mateso: kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, ngozi kusisimka, usiku bila usingizi. Mtu mzima mwenye afya ni nadra kufa kwa arosto yenyewe, japo kupungukiwa maji ni hatari ya kweli. Kifo humvizia baadaye. Mwili uliokaa wiki chache bila heroini husahau kuistahimili, na mtu akirudi kwenye kipimo chake cha zamani pumzi inakatika. Ndiyo maana tunazisihi familia zisichukulie siku kumi za "kusafishwa damu" kuwa ndizo tiba. Ukimtoa mtu arosto kisha ukamrudisha nyumbani mikono mitupu, umemweka mahali pa hatari zaidi kuliko alipokuwa.

Kwa kokeini, methamfetamini na bangi hakuna dawa mbadala iliyothibitika kama zilivyo za heroini. Huko kazi hufanywa na ushauri nasaha wa kitaalamu na mbinu za kubadili tabia, na kituo kinachoahidi sindano ya kuponya hayo kiulizwe maswali magumu.

Methadoni, na neno linalotuumiza

Bado tunasikia, hata ndani ya chama, kwamba methadoni, dawa anayopewa mraibu wa heroini badala ya heroini yenyewe, ni kubadilisha unga kwa unga. Nasema bila kuficha kwamba kauli hiyo imewatoa watu kwenye tiba, na wengine hawakupata nafasi ya kurudi.

Tangu madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walipochapisha matokeo yao mjini New York mwaka 1965, dawa hii imechunguzwa kwa miongo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza, pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Methadoni inakaa kwenye vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo heroini hukalia, ila huingia polepole na kudumu kwa saa 24 au zaidi. Mtu hapandi wala haporomoki. Anaamka bila arosto, na siku yake yote inabaki kwa kazi, watoto na mazungumzo na mshauri.

Kamati ilitembelea dirisha la kliniki moja asubuhi. Muuguzi anamtambua mgonjwa kwa kadi, anamtazama macho, anamuuliza amelalaje, kisha anampimia dawa ya maji kwenye kikombe kidogo. Mgonjwa anakunywa palepale, anashushia maji, halafu anajibu neno mojamawili ili ionekane amemeza. Hayachukui dakika tatu. Nyuma yake foleni ina mwashi mwenye mwiko begani, ina msichana aliyebeba mtoto, ina mzee wa heshima zake. Kesho watarudi wote.

Hapo ndipo umbali unapokuwa suala la uhai. Anayetakiwa dirishani kila siku hawezi kudumu ikiwa safari inamla nusu ya siku. Familia ikiuliza kati ya kliniki ya karibu isiyovuma na kituo mashuhuri cha mbali, kwa mgonjwa wa heroini tunaielekeza kwanza kwenye dirisha la karibu.

Familia iwaulize wahudumu wa kliniki pia kuhusu dozi ya methadoni. Wagonjwa wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku, baada ya kuanza chini na kupandishwa kwa uangalifu. Mahali wanapomkata mgonjwa dozi kama adhabu, kwa kuwa amechelewa au amejibu vibaya, wanafanya kinyume na tiba. Buprenofini ina sharti lake: huanzwa arosto ikiwa tayari imeingia, la sivyo yenyewe huileta kwa nguvu. Naltreksoni, dawa inayozuia heroini isifanye kazi mwilini, humhitaji mtu aliyekwisha kukaa siku 7 hadi 10 bila heroini, na kwa walevi wa pombe husaidia kupunguza hamu. Mjamzito anayetumia heroini asikatizwe ghafla kwa kuhurumiwa mtoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unapendekeza methadoni au buprenofini kwake, na tulipata familia mbalimbali zilizoambiwa kinyume chake.

Mlango ulio karibu

Wengi wanadhani tiba ya pombe huanzia kwenye nyumba ya marekebisho yenye geti. Mara nyingi huanzia kwa muuguzi wa zahanati. Lipo dodoso la maswali kumi, AUDIT, lililotokana na kazi ya Shirika la Afya Duniani na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Alama zake ni kuanzia 0 hadi 40. Anayepata 8 na kuendelea unywaji wake unatia shaka. Anayefika 20 apelekwe akachunguzwe utegemezi. Halihitaji mashine wala daktari bingwa. Tuligawa nakala zake kwenye mikutano, na baadhi ya wanachama walijipima wenyewe kimyakimya, jambo ninalolishukuru.

Idara ya afya ya akili ya hospitali ya karibu ni mlango mwingine unaosahaulika. Sonona, kiwewe na uraibu huandamana, na anayetibiwa kimoja huku kingine kikiachwa hurudi alikotoka.

Vikundi vya kusaidiana vipo sehemu nyingi na havitozi ada. Walevi Wasiojulikana (AA) walianza Akron, Ohio, mwaka 1935. Kundi la familia zao, Al-Anon, mwaka 1951. Na la watumiaji wa dawa za kulevya mwaka 1953. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba njia ya hatua kumi na mbili inayofuatwa na vikundi hivi, inapofundishwa kwa utaratibu, huwasaidia watu kukaa bila pombe sawa na tiba nyingine zilizothibitika, na wakati mwingine kuzishinda. Vipo vikao vinavyomtazama mtu wa methadoni kwa jicho la pembeni. Ulizeni kabla ya kumpeleka mtu, asije akafika mara ya kwanza na ya mwisho.

Vituo vya kulala

Sikatai vituo vya kulala. Yuko mtu ambaye nyumbani kwake ndiko kijiweni, na huyo anahitaji kuondoka kwa muda. Taasisi ya utafiti wa uraibu ya Marekani, NIDA, inaeleza kwamba tiba ya makazi au ya kliniki iliyo chini ya siku 90 huwa na matokeo hafifu, na kwamba wanaorudia kutumia ni asilimia 40 hadi 60, kiwango kinachokaribiana na cha wagonjwa wa shinikizo la damu na pumu. Hakuna anayemtimua mgonjwa wa presha kwa sababu imepanda tena.

Tulipotembelea vituo, meneja mmoja alituambia kwamba wanaopita kwake karibu wote wanapona. Tukamwomba kitabu cha waliotoka. Hakikuwepo. Anajua wamepona kwa sababu hawakurudi kwake, basi. Kituo kingine, kidogo na chenye vitanda vichache, kilikuwa na daftari kuukuu lenye mistari ya wino: jina la siri la kila aliyetoka, tarehe ya kupigiwa simu, na neno moja kama "anafanya kazi", "amerudia, tumempokea", "hapatikani". Kwa maoni yangu daftari lile lina thamani kuliko bango lolote la barabarani.

Kwa hiyo familia ikienda kukagua, iulize nani mwenye leseni ya afya analala pale usiku. Iulize mgonjwa wa methadoni, wa virusi vya Ukimwi au wa kifua kikuu ataendelea na dawa zake au atanyang'anywa mlangoni. Iulize kama ndugu wanaruhusiwa kumwona bila msimamizi kusikiliza, na kama mgonjwa akitaka kutoka anatoka. Minyororo, viboko na kunyimwa chakula si tiba. Mwezi Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kutaka vituo vya kuwazuia watumiaji kwa lazima vifungwe, na viwango vya kimataifa vya mwaka 2020, vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, vinataka tiba iwe ya hiari na yenye kumheshimu mgonjwa. Tulipokuta mlango wenye kufuli la nje na hakuna mtu mwenye ufunguo, kamati iliripoti kwa mamlaka husika siku hiyohiyo.

Familia yenyewe

Wazazi wengi wameambiwa wamwache mpaka "afike chini kabisa" ndipo atataka tiba. Chini kabisa kwa wengine ni kaburi. Mbinu ya CRAFT, aliyoianzisha Robert Meyers, humfundisha ndugu kuzungumza na mtu wake akiwa hajalewa, kumtia moyo anapokuwa hajatumia, kuacha kumfichia matokeo ya utumiaji, na kuwa na jina la kliniki tayari siku anaposema "nimechoka". Katika utafiti wa Miller, Meyers na Tonigan wa mwaka 1999, asilimia 64 ya familia zilizofundishwa hivyo zilimfikisha mtu wao kwenye tiba, wakati njia ya kumkusanyikia na kumkabili ilifikisha asilimia 30. Madarasa yetu ya mwaka huu yalifuata njia hiyo, na yataendelea.

Tulifundishana pia kuhusu naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, ambayo tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linapendekeza iwafikie hata ndugu na marafiki. Mboni zikiwa kama tundu la sindano, midomo ikiwa ya bluu, mkoromo mzito na pumzi za kuhesabu, mpe, msaidie kupumua, kisha hospitali hata kama amezinduka. Naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90, na alichotumia kinaweza kudumu zaidi.

Maombi kwa mkutano

Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe zamu ya simu ya usiku, kwa kuwa arosto na degedege havingojei saa za kazi. Inaomba wanachama wenye nafasi wajiandikishe kwa katibu kwenda wawiliwawili kukagua vituo kila robo mwaka, na matokeo yaandikwe kwenye rejista itakayosomwa na mwanachama yeyote anayeihitaji. Inaomba pia ruhusa ya kuandika barua kwa wasimamizi wa afya kuhusu kliniki ya methadoni inayofungwa siku za sikukuu bila wagonjwa kupewa dozi ya kwenda nayo nyumbani. Rasimu ya barua iko mezani kwa katibu. Aliye na neno la kuongeza aliongeze leo kabla ya kura.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti