Nzi anavyomjua adui

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na pole kwa kusahihisha mitihani. Umeuliza nzi, asiye na kingamwili, anajuaje kuwa bakteria kamwingia. Swali hili nalipenda mno, ndiyo maana sikutaka kulijibu kwa simu.

Mwaka 1996, Strasbourg, Ufaransa, Bruno Lemaitre na wenzake katika maabara ya Jules Hoffmann waliwaambukiza kuvu nzi wa matunda wenye hitilafu kwenye Toll, jeni iliyofahamika kwa kupanga mgongo na tumbo la kiinitete. Picha yao hutaisahau: nzi amekufa, nyuzi za kuvu zimemwota mwilini kama manyoya. Kumbe Toll ndiyo pia inayomkinga nzi dhidi ya kuvu.

Mwaka 1998, huko Dallas, Marekani, kundi la Bruce Beutler likagundua kwa nini panya fulani wa maabara hawadhuriki wakidungwa lipopolisakaridi, sumu ya ganda la nje la bakteria kama Salmonella. Jeni yao moja ilikuwa na kosa dogo sana, nayo ni ya ukoo wa Toll: TLR4, yaani jeni ya kipokezi (protini ya seli inayonasa ishara) kinachofanana na Toll. Usiwaonee wivu, lakini. Salmonella hai wachache tu huwaua, maana mwili hauna wa kuustua mapema.

Sasa shika hili, maana wengi hulipita haraka. Toll ya nzi haikigusi kijidudu. Wanaotambua ni protini zinazoelea katika damu yake: moja hushika ukuta wa bakteria, nyingine ukuta wa kuvu. Zikishashika, vimeng'enya huamshana kimoja baada ya kingine, hadi cha mwisho kikate protini iitwayo Spätzle. Hiyo ikishakatwa ndiyo inayoiamsha Toll, na mafuta ya mwili wa nzi yakaanza kumwaga dawa ya kuua kuvu. Kwetu sisi, TLR4 na protini mwenzake MD-2 huishika sumu yenyewe. TLR5 hushika protini ya mkia anaoogelea nao bakteria. Ila hata nzi ana kipokezi kinachogusa moja kwa moja: PGRP-LC, dhidi ya bakteria wa aina ya E. coli.

Binadamu ana vipokezi vya ukoo huu 10 tu, na vinatosha kwa mengi, kwa kuwa vinatafuta vitu ambavyo kijidudu hawezi kuviacha akaishi.

Barua ijayo nataka nikueleze habari za mbu Anopheles. Protini yake TEP1 hujibandika juu ya vimelea vya malaria vikishavuka ukuta wa tumbo lake, na vingi hufia hapo hapo.

Nisalimie watoto.

Wako,
Zuhura