KUH: MATANGAZO YENU YA TSUNAMI, APRILI 11, 2012

Kwa Meneja wa Kituo cha Redio,

Salamu. Nawaandikia kwa adabu, ingawa kwenu Jumatano iliyopita adabu sikuiona.

Kanuni za kutangaza dharura mnazo, sitawasomea. Nalalamikia mtangazaji wenu wa mchana. Nilipiga simu, akaniweka hewani, nikauliza jambo moja tu: mume wangu na wenzake wako baharini na chombo, je, warudi pwani au wabaki maji marefu? Akacheka. Akasema, "Mama, kama waogopa maji, hamia Nairobi." Akakata simu, akaweka wimbo.

Tetemeko la Sumatra, kule Indonesia, lilipiga saa 5:38 asubuhi kwa saa zetu, kipimo 8.6. Saa nane hivi kituo chenu kikatangaza kwamba mawimbi yameshapiga Malindi. Yamefikaje? Mwaka 2004 ardhi ilitikisika kabla ya saa kumi alfajiri, na maji yakatufikia mchana. Bahari ya Hindi haivukwi kwa saa mbili na nusu! Mlimuuliza nani Malindi kabla ya kusema? Mamangu ni mzee, miguu haimbebi. Kwa habari hiyo majirani walimpandisha mlima mgongoni, juani, huku Likoni nzima ikikimbia.

Tahadhari yenyewe ilikuwa ya haki, silaumu kutangazwa. Mwaka 2004 Kenya ilipoteza mtu mmoja, Tanzania zaidi ya 10, Somalia karibu 300. Ndiyo maana sisi wa pwani tukisikia neno tsunami hatuchezi. Safari hii miamba iliteleza kwa ubavu, haikuinua maji kama ile ya 2004, na tahadhari ikaondolewa alasiri. Ninyi mkanyamaza hadi taarifa ya usiku. Watu walikuwa bado juu na watoto, na njaa.

Narudi kwenye simu yangu, kwa sababu hamjui mlichofanya. Mume wangu alikuwa na redio chomboni. Alinisikia nikiuliza juu yake. Alisikia kicheko, na hakikuwa cha mtu mmoja, studio nzima ilicheka. Alisikia "hamia Nairobi" mbele ya mabaharia wake, mke wake akifanywa mchezo. Jibu hakulipata, ila ile habari ya Malindi aliipata, basi wakageuza chombo mbio kuja pwani kutuokoa. Tsunami kwenye maji marefu hupita chini ya chombo bila hata kuhisiwa. Hupanda na kuua inapofika maji mafupi. Lingalikuwapo wimbi siku ile, mngaliwaita walikutane nalo mlangoni pa kifo.

Nataka mniombe radhi hewani, saa ileile, na mtangazaji yule aombe kwa kinywa chake. Nataka pia mkanushe habari ya Malindi na mseme ilitoka wapi. Na nakala ya sauti ya kipindi kile naitaka, msithubutu kuifuta. Nilikuwa niishie hapo, lakini kila nikikumbuka kile kicheko naona radhi haitoshi: mtu huyo asikalie tena maikrofoni siku ya dharura.

Nawapa wiki mbili. Zikipita, barua hii itakwenda Baraza la Vyombo vya Habari na Tume ya Mawasiliano, na saini za wavuvi wa Likoni chini yake. Wakili naye tumeshamwona.

Wasalaam,
Mke wa mvuvi, Likoni