Mume wangu kamwambia wifi kuwa nalala tu

Shangazi, shikamoo.

Naandika saa hizi za usiku, mtoto ndiyo kwanza kapitiwa na usingizi, na namjua, nikijitupa kitandani tu ataamka. Kwa hiyo silali. Nianze na hilo hilo maana ndilo lililonifanya nikuandikie. Mie silali, Shangazi. Lakini mume wangu kamwambia dada yake kwamba nalala tu.

Wewe huku kwetu unakujua kwa barua za wenzangu, sina haja ya kukueleza sana. Tuko Finnmark, mkoa wa kaskazini kabisa mwa Norway, nje kidogo ya mji wa Alta. Mwishoni mwa Novemba jua linaaga, na kurudi ni mpaka katikati ya Januari ipite. Si kwamba linachelewa kuchomoza, halichomozi kabisa. Mchana kunakuwa na weupe wa bluu wa saa chache, halafu basi, taa ziwashwe. Nyumbani wanadhani tunaishi juu ya barafu. Wala, bahari hapa haigandi, kuna mkondo wa maji ya vuguvugu unatoka kusini unapita pwani yote hii. Na baridi mie naiweza. Baridi unaivalia nguo, giza utalivalia nini?

Basi jua liliporudi juzi, chekechea waliwatoa watoto wote nje kulipokea, wakaimba, wakapewa maandazi, ndiyo desturi yao. Baba yake alikuwa wiki yake ya nyumbani, akaenda naye. Mwanangu ana mwaka na miezi minane. Alipoona jua linachungulia juu ya mlima akalinyooshea kidole, akasema, "Taa!" Baba mtu akamrekodi, akacheka mpaka simu ikatikisika, akairusha video kwenye kundi la familia. Hakuniuliza. Mama mkwe akatuma sauti huku analia, eti mjukuu wangu hajui jua. Uongo! Mtoto kazaliwa Mei, wakati huku jua halizami hata usiku, kiangazi kizima nilikuwa namlaza na mapazia meusi dirishani. Jua analijua. Kalisahau tu, mtoto mdogo huyo, miezi miwili kwake ni umri.

Jioni ile ile wifi akapiga. Mume wangu alikuwa sebuleni kaweka spika, mie niko chumbani na mtoto kifuani, nimefumba macho ili na yeye afumbe. Nikasikia wifi anauliza, "Kwani mama yake hamtoi nje?" Naye akajibu, Shangazi, bila hata kufikiri, "Ah, huyo analala tu. Kila nikirudi namkuta kalala." Wifi akasema, "Basi mleteni huku Tanga kwa bibi yake, jua lipo, matembele yapo, samaki wapo." Samaki! Mume wangu kazi yake ni vizimba vya samaki, tena samaki wenyewe wanakula vizuri kuliko mie. Akamjibu, "Tutaona." Wewe humjui. Kwa dada yake "tutaona" ni ndiyo.

Kila akirudi ananikuta nimelala. Sasa anarudi lini? Anakaa huko majini wiki nzima, wiki inayofuata yuko nyumbani. Anaingia usiku, au anaingia mchana mtoto yuko chekechea, saa pekee niliyopata kuegesha kichwa. Hajawahi kuniona saa tisa usiku mwanaye anapanga magari kwenye tumbo langu. Hajaniona alfajiri. Sisi huku swala tunafuata saa za Makka, maana la sivyo ungesubiri jua la kuchomoza mpaka uzeeke, na mie sijakosa. Mtu anayelala tu anaamkaje kuswali? Nilitaka kumuuliza hilo, nikanyamaza.

Wananiambia chekechea ni bure. Ndiyo, tangu Agosti 2023 Finnmark nzima ni bure, serikali inataka watu wasiukimbie mkoa. Ndiyo kauli ya mume wangu, "Mtoto analelewa bure, unachoka nini?" Kwani mtoto anajipeleka? Kumvisha mtoto wa huku ni kazi ya kulipwa. Unaanza na sufu ya ndani, juu na chini, soksi za sufu, sweta, halafu ile ovaroli nzito ya theluji. Hapo keshaanza kujinyonganyonga, umekamata mguu huu, ule umetoka. Kofia ya kufunika mpaka shingo. Glovu ambazo kidole gumba hakikubali kuingia pake. Ukimaliza wewe ndiye unayetoka jasho, unafungua mlango, upepo unakupiga, na hapo ndipo unasikia harufu. Unarudi kuvua moja moja. Kuna siku nilikaa chini pale mlangoni kwenye viatu nikalia, naye akanifuta uso na glovu lake. Halafu nikamvisha tena, nikavaa yale meno ya chuma chini ya viatu, nikamvuta kwenye kigari chake cha kuteleza mpaka chekechea. Tulichelewa, lakini tulifika.

Na huko chekechea wanamlaza nje. Ndiyo desturi, watoto wanalazwa kwenye vigari uani, baridi hiyo hiyo, wamefunikwa ngozi ya kondoo, wanasema hewa safi. Sina ugomvi nao. Ila mwanangu anakoroma huko nje mchana weee, nyumbani kwenye joto hataki. Niliwaomba wamwamshe mapema kidogo, wakakubali vizuri tu. Baba yake aliposikia akasema nawasumbua watu kazini.

Mwezi wa Desemba alibanwa kifua. Baba yuko vizimbani, bahari imechafuka, boti haitoki. Daktari wa Alta akasema afike hospitali ya Hammerfest. Jirani yetu, mama mmoja Msami, wale wenyeji wa asili wa huku, ndiye aliyetuendesha. Pale Sennalandet, barabara inapopita mlimani, kizuizi kilikuwa kimeshushwa, theluji inapita mlalo, magari yanasubiri kuvushwa kwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji. Tukakaa kwenye foleni, injini inanguruma, mtoto anakorota nyuma na mbavu zinaingia ndani. Tulipoanza kwenda, nilichokiona njia nzima ni taa mbili nyekundu za gari la mbele, zikipotea jirani anapunguza, zikitokea anakwenda. Alivuta pumzi, nikahesabu, akavuta tena. Alhamdulillahi alipona. Usiku ule alilala nani? Asubuhi baba yake aliuliza kwa ujumbe, "Mmelalaje?"

Wifi naye ana dawa zake. Aliwahi kuniambia mtoto asiyelala anatandikwa kidogo. Nikamwambia huku sheria imekataza tangu miaka ya themanini, hata mzazi haruhusiwi. Akasema ndiyo maana analala mchana na mama yake. Umeona? Hata kabla ya simu ile walikuwa wameshazungumza.

Nesi wa kliniki ya watoto ananipa matone ya vitamini D ya mtoto, na mafuta ya samaki nampa kila siku, kwa hiyo habari ya jua la bibi wasinitishe nayo. Mara ya mwisho nesi aliniuliza na mie mwenyewe naendeleaje, nalala, nakula, nina raha? Nikasema vizuri tu. Ungesema nini? Wenzangu wameshanitia hofu, wanasema ukijieleza sana ofisi ya ustawi wa watoto inaitwa. Sijui kama ni kweli, mie nesi huyo sijaona ubaya wake. Lakini niseme nini? Kwamba kuna asubuhi namsikia mtoto ananiita, masikio yanasikia, mwili haunyanyuki? Hiyo si kulala. Mtu anayelala hasikii. Na mie si mgonjwa, nilikuwa hivi hivi na mwaka jana, ikapita.

Ila mwaka jana ilipita jua liliporudi. Safari hii jua limerudi na mie bado.

Mtoto haendi popote bila mie, hilo nimeshasema moyoni na nitalisema na mdomoni. Sikumzaa akalelewe na wifi. Nikienda naye mie mwenyewe ni habari nyingine. Nimeulizia nauli. Nimeulizia tu, kuulizia si dhambi. Alta mpaka Oslo, Oslo mpaka Dar. Kabla hajatimiza miaka miwili anapakatwa, nauli yake ndogo, ikishafika Mei anahesabiwa kiti. Ndiyo maana nimeulizia sasa. Na kama kwenda, ni kwa mama yangu Pangani, si kwao. Niliulizia ya kwenda. Ya kurudi sikuulizia, si kwamba sirudi, ni kwamba tarehe siijui. Rafiki yangu aliyeko Tromsø akanionya kuwa huku mtoto hahamishwi nchi bila baba yake kukubali. Nikamwambia, nani kasema nahama? Akanyamaza, nami nikanyamaza, tukaongea mambo ya nywele.

Na usije ukadhani mume wangu ni mtu mbaya. Hanipigi, hanywi, pesa analeta, akiwa nyumbani anapika pilau vizuri kunizidi. Alipomaliza shule Tromsø angeweza kurudi Tanga, akasema tubaki kwa ajili ya mtoto. Nilikubali. Nampenda. Ndiyo maana neno lile linanikaa kooni, lingesemwa na jirani ningecheka. Angesema nimechoka, ningekubali. Angesema sina furaha, labda ningelia, lakini ningekubali. Kasema nalala. Kwa dada yake. Na spika imewashwa.

Sasa Shangazi, ninachotaka unisaidie ni hili la wifi. Amesema atapiga tena Ijumaa, na safari hii anataka kuongea na mie. Ni mkubwa kwangu, ndiye aliyetufanyia harusi, siwezi kumjibu utovu. Lakini nikikaa kimya itakuwa nimekubali. Nimjibu vipi ili ajue mtoto haji, na asimwambie kaka yake kwamba mie ndiye nimesema haji? Na akiniuliza kama nina mpango wa kwenda kusalimia mwaka huu, maana ataniuliza, namjua, niseme ndiyo au niseme bado?

Jina langu usiliweke. Waswahili huku tunajuana wote, na kuna mmoja kazini kwa mume wangu anakusoma kila wiki.

Mama wa mtoto mmoja, Finnmark, Norway