Barua ya malalamiko: silanti imepakwa juu ya waksi

Kigamboni,
Dar es Salaam.
10 Mei 2025

Kwa Meneja,
Kituo cha Kuosha na Kung'arisha Magari,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SILANTI ILIYOPAKWA JUU YA WAKSI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi ya 8 Machi 2025 nilileta kwenu Toyota Premio yangu nyeusi, nikalipa shilingi 280,000 kwa kazi tatu zilizoandikwa kwenye risiti: polishi, silanti (dawa ya kukinga rangi) na waksi (nta ya kung'arishia). Kwenye polishi sina neno. Kijana aliyeshika mashine anaijua kazi yake. Michubuko yote iliyoachwa na vitambaa vya waosha magari wa barabarani iliondoka. Ninalolalamikia ni kilichofuata, na nilikiona kwa macho yangu, maana nilikaa kwenye benchi lenu tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri.

Fundi wa pili alifungua kopo la waksi, akapaka boneti, paa na milango, akafuta. Hapohapo akachukua chupa ya silanti akaipaka juu yake. Nilisimama nikamwuliza, "Mwanangu, si silanti ndiyo inayoanza?" Akanijibu, "Mama, vyote hivi ni vya kung'arisha, vinafika palepale." Nikamwita msimamizi. Yeye alinieleza, kwa adabu kabisa, kwamba silanti ni ngumu kuliko waksi, kwa hiyo lazima ikae juu iilinde. Nikanyamaza kwa kuwa yeye ndiye mwenye fani.

Maelezo yale yanaingia akilini upesi, lakini si sahihi. Silanti ni dawa ya kiwandani inayotaka kugusa rangi yenyewe, ikiwa safi na haina mafuta, ndipo ishike. Waksi ina mafuta ndani yake, hata ile nzuri ya karnauba inayotokana na majani ya miti ya jamii ya mitende huko kaskazini mashariki mwa Brazil. Ukiitanguliza, silanti inakaa juu ya waksi badala ya kushika rangi, na siku waksi inapoisha kwa jua na sabuni, inaondoka nayo. Hata mpakaji hina yeyote wa mjini hapa angewaeleza jambo hili: mkono wenye mafuta haupokei hina. Mkono huoshwa, hina ikapakwa na kuachwa ikolee, mafuta yakaja mwisho ili ing'ae. Gari nalo ni vivyo hivyo, silanti kwanza, kisha waksi. Na baina yake kuna kusubiri. Silanti nyingi huachwa kwa muda wa saa 12 hadi 24 mahali pakavu kabla ya kitu kingine kupakwa juu yake. Kwenu haikupewa hata dakika moja.

Ushahidi ninao juu ya gari lenyewe. Kopo la waksi lilimwishia fundi alipofika nyuma, kwa hiyo mfuniko wa buti ulipata silanti peke yake. Mvua za Aprili zimeonyesha tofauti. Kwenye buti maji bado yanajikusanya matone ya mviringo na kuteleza. Kwenye boneti, paa na milango yanatandaa kama kwenye gari ambalo halijawahi kupakwa chochote, na hali hiyo ilianza wiki ya nne tu. Gari ni lile lile, chupa ya silanti ni ile ile, na linaegeshwa mahali pale pale. Nimepiga picha, nimeziambatanisha.

Kwangu hili si suala la urembo. Navuka kivuko cha Magogoni karibu kila siku, na upepo wa bahari unaleta chumvi. Nyumbani naegesha chini ya mwembe, na kunguru wa Dar mnawajua. Kinyesi chao kikikaukia juani kwenye rangi nyeusi kwa siku moja tu, kinaacha alama. Nililipia silanti ili iwe kinga ya miezi, si mng'ao wa wiki tatu.

Naomba kazi irudiwe bila malipo, lakini msinipigie mashine ya polishi tena. Klia ya gari, yaani lile tabaka angavu la juu ya rangi, ni nyembamba sana, kwa kawaida mikroni (sehemu za elfu za milimita) 40 hadi 50 hivi, na kila polishi inakula kidogo. Sikubali rangi yangu ipunguzwe kwa kosa lisilo langu. Gari lioshwe kwa sabuni ya kuondoa mafuta, lifutwe kwa spiriti maalumu ya kusafishia rangi, lipakwe silanti, lilale ndani kwenu usiku mmoja, waksi ipakwe kesho yake. Nitaliacha kwa siku mbili bila kinyongo. Kama hamwezi, nirudishieni fedha za silanti na waksi.

Naomba pia mafundi waelekezwe, kwani kuna wateja wengine wanaolipia kazi hii wakiwa hawakai kwenye benchi kuangalia.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka barua hii pamoja na risiti na picha kwa Tume ya Ushindani, inayoshughulikia haki za walaji.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mteja wenu, mwenye Premio nyeusi

Viambatanisho: nakala ya risiti ya 8 Machi 2025, picha nne za boneti na buti baada ya mvua.